Mashine ya Dirishani

Faili lililotoka nje halifunguliwi kwenye mashine ya rejista. Kanuni hiyo iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha boksi, ikabandikwa ukutani juu ya meza ya mwanamke ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Rejista. Aliiandika mwenyewe na kuishika miaka sita bila kuikosa hata siku moja. Kisha aliivunja mara moja, Alhamisi saa tano na nusu asubuhi, na mtu alikuwepo akimwona.

Ofisi yao iliandikisha vizazi. Ilikuwa ghorofa ya pili, vyumba viwili na ukumbi mwembamba wenye benchi moja la mbao ambalo rangi yake ilikuwa imeisha kwa kukaliwa. Chumba cha ndani kilikuwa cha Mkuu wa ofisi. Cha nje kilikuwa cha Mama Rejista, na rafu za vitabu vikubwa vya zamani ambamo makarani waliomtangulia walikuwa wameandika kwa mkono majina ya watoto, wazazi na wakunga. Dari ya chumba hicho ilivuja. Kila mvua iliyopita iliacha kurasa zimegandana, na wino umetapakaa hadi baba na mtoto hawatofautiani.

Kwa hiyo alipopewa kompyuta alianza kuvichapa vitabu vile, ukurasa baada ya ukurasa, huku akiandikisha pia wanaozaliwa leo. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Alikuwa na utaratibu wake: akimaliza kitabu, anamwita mhudumu wa usafi, mama aliyejua kusoma vizuri, amsomee kwa sauti jina moja moja huku yeye anafuata kwenye kioo kwa kidole. Wakikubaliana, anasaini, na kitabu kinatolewa. Mkuu hakutaka vikae. "Vinanuka ukungu, Mama. Wageni wanapiga chafya," alikuwa akisema, na vilipelekwa kusagwa. Tangu hapo mtu aliyekuwa kwenye kitabu kile alikuwepo sehemu moja tu duniani, ndani ya lile boksi la chuma chini ya meza yake. Alilijua hilo, na ndiyo maana hakuwa mtu wa mchezo.

Kanuni ya ukutani ilitokana na fundi wa kompyuta, kijana wa makamo aliyehudumia ofisi tano na kufika kwao Jumanne na Ijumaa. Walimwita Waya kwa sababu hakuwahi kuonekana bila waya umezungushwa begani. Siku moja alimkuta Mama Rejista anafungua barua iliyotumwa kwa barua pepe na mtu asiyemjua.

"Mama, huyu ni nani?"

"Sijui. Nafungua ndiyo nijue."

Waya alivuta kiti. "Sikiliza. Hii programu ya kufungulia barua ni kama karani asiyejua kukataa. Barua ikija na maneno, anakusomea maneno. Ikija na amri imefichwa ndani, ikimwambia inuka ukanifungulie kabati, anainuka anafungua. Wewe unaona barua tu. Hujabonyeza kitu, hujakubali kitu. Kuifungua kumetosha."

"Karani gani huyo? Si afukuzwe kazi."

"Hafukuzwi, anafundishwa. Waliomtengeneza wakigundua ana tundu mahali, wanatuma kiraka. Ukikibandika, tundu limezibwa. Sasa jua jambo moja, mama. Kiraka kikitoka, hata mwizi anajifunza tundu lilikuwa wapi. Asiyebandika amebaki na tundu ambalo sasa linajulikana mtaa mzima."

Alimwelewa mara moja. Ijumaa ile Waya alileta kompyuta kuukuu, akaiweka kwenye meza ndogo karibu na dirisha, bila kuiunganisha na mtandao wala na kompyuta nyingine. Akampa na flashi sita alizozipiga namba. Kila faili kutoka nje lilipakiwa kwenye flashi bila kufunguliwa, likapelekwa dirishani, likafunguliwa pale na kuchapishwa, na karatasi ndiyo iliyorudi mezani kwake. Flashi iliyoguswa dirishani haikurudi kwenye rejista mpaka Waya aisafishe. Ilikuwa kazi ya hatua nne pale ambapo ofisi nyingine zilitumia moja, na watu waliokaa kwenye benchi walizihesabu.

Waliiita mashine ile Karantini. "Mama, faili langu limeshapona?" wangemuuliza kutoka benchini. "Bado lina homa," angejibu bila kuinua macho. "Kaa, tutakuita."

Kama mambo yangebaki hapo, nisingekuwa na la kuandika. Lakini Mkuu alikuwa na fremu yake. Alitumia siku nzima kwenye kiti cha Mama Rejista akichora pambo la kuzunguka cheti cha kuzaliwa, mistari miwili na maua pembeni, na alilipenda kuliko alivyopenda kazi yenyewe. Siku programu ilipobandikwa kiraka, fremu ilisogea kwa upana wa kidole na duara la mhuri likaangukia jina la mama wa mtoto. Mkuu alimwita Waya.

"Rudisha ilivyokuwa."

"Naweza kurudisha, Mkuu, lakini nitakuwa nafungua tundu. Niachie siku mbili niichore fremu upya."

"Sikuomba fremu mpya. Hivyo viraka vyako visimamishwe kwenye hii mashine mpaka nitakapolishughulikia suala hilo."

Hakulishughulikia. Waya aliandika barua tatu, na Mama Rejista aliandika mbili. Zote zilirudi na neno moja la wino wa kijani pembeni: Imepokelewa. Miaka mitatu ilipita na mashine iliyobeba majina ya mji mzima haikuongezewa kiraka hata kimoja, kwa ajili ya maua ya pembeni. Nimesikia watu wazima wakimtetea Mkuu kwamba hakuwa mtaalamu wa kompyuta. Hakuhitaji kuwa mtaalamu. Aliambiwa kwa lugha nyepesi, mara tano kwa maandishi, na alichotakiwa kufanya ni kukubali.

Kulikuwa na jambo la pili. Kila Ijumaa Mama Rejista alinakili rejista yote kwenye diski ya nje, akampelekea Mkuu aifungie kabatini kwake. Kitasa cha kabati lile kiliharibika diski ikiwa ndani. Mkuu alisema fundi seremala ataletwa. Ijumaa iliyofuata alisema ataletwa. Mama Rejista aliomba diski nyingine, akajibiwa kwamba ofisi tayari inayo moja, na kwa hakika ilikuwepo, ilisikika ikigonga mbao mtu akitikisa kabati. Miezi saba ilipita namna hiyo. Katika miezi hiyo alikuwa amemaliza vitabu vitatu vya zamani, vikasomwa kwa sauti, vikasainiwa, vikaenda kusagwa. Saini ni zake. Baadaye hakuikana hata moja.

Halafu mashine ya dirishani ikafa. Waya aliifungua, akanusa. "Pawa sapulai, inayoleta umeme ndani, imeungua, mama. Kifaa kidogo tu. Jaza fomu, Ijumaa nakifunga." Fomu ilihitaji saini tatu, na mwenye saini ya pili alikuwa likizo. Ijumaa ikapita, Jumanne ikapita, na barua za nje zikarundikana kwenye barua pepe bila kufunguliwa. Mama Rejista aliwaambia waliokuwa kwenye benchi walete karatasi. Wengine walileta, na wengine waliondoka wakimtukana ngazini kwa sauti ya kusikika. Mkuu alitoka chumbani kwake siku ya nane.

"Mama, fungua tu. Watu wanalalamika."

"Niandikie hivyo, Mkuu, usaini."

"Niandike nini tena? Nimekuambia kwa mdomo."

"Basi na mimi nimekukatalia kwa mdomo."

Mkuu alirudi ndani akafunga mlango. Ninamheshimu mwanamke yule kwa jibu hilo, na nitabaki kumheshimu, pamoja na yote yaliyofuata.

Kati ya waliosubiri alikuwepo mjane wa fundi viatu. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na binti yao wa pekee alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Chuo kilitaka kitambulisho. Ofisi ya vitambulisho ilitaka cheti cha kuzaliwa cha baba, kwa kuwa mama mwenyewe alizaliwa nchi jirani. Baba alizaliwa nyumbani zamani, na jina lake liliandikwa kwenye kimojawapo cha vitabu vile vitatu vya mwisho. Hilo Mama Rejista alilijua, kwa sababu alimtafuta kwenye mashine siku ya kwanza, akampata, akamgeuzia mjane kioo amwone. Jina, siku, jina la mama, jina la mkunga. Mjane aligusa kioo kwa kidole.

"Ndiye huyu. Basi nipigie cheti, mama."

"Nitakupigia. Nahitaji barua ya mtendaji wa kule alikozaliwa, ya kuthibitisha kwamba wewe ni mkewe."

"Wameshaituma. Walisema imeingia kwenye kompyuta yako."

Ilikuwa imeingia kweli. Ilionekana pale kwenye orodha, haijafunguliwa. Mama Rejista alimweleza habari ya mashine ya dirishani, akamwomba aende akalete karatasi. Mjane alisafiri siku nzima. Kule aliambiwa wino wa mashine ya kuchapia umeisha, na kwamba barua si imeshatumwa, wanataka nini tena. Akarudi mikono mitupu, akakaa kwenye benchi. Kila asubuhi alikuja, saa mbili, na mfuko wa plastiki wenye nyaraka za marehemu alizozikunja kwenye gazeti.

"Mama, leo?"

"Bado, dada yangu. Sahihi moja imebaki."

"Barua iko hapo, marehemu yuko hapo, wewe uko hapo, na mimi niko hapa. Nani hayupo?"

"Mashine."

"Ile pale si mashine?"

"Ile ina majina ya watu wote. Nikiiponza hiyo, nimemponza na mumeo."

Mjane alirudi kukaa kwenye benchi. Alikuwa mtu wa kuelewa, na alilielewa jibu hilo kwa siku kumi na nane.

Siku ya kumi na tisa, Alhamisi, simu ya Mama Rejista iliita. Alikuwa mdogo wake wa kike, mwalimu wa shule ya msingi mji mwingine, ambaye mumewe alikuwa amelazwa kwa kiharusi.

"Dada, barua ya uhamisho inafungwa leo saa sita. Nimeichapa, nimekutumia. Nisomee tu kama inaeleweka."

"Nisomee wewe kwenye simu."

"Kurasa mbili, dada? Mtandao wenyewe unakata. Wewe ndiye umekuwa ukinisahihishia tangu darasa la nne, leo umechoka? Ningekuwa na akili ya kuandika peke yangu ningekusumbua?"

"Umeichapia wapi?"

"Dukani hapa, wanapotoa kopi. Kwani kuna nini? Ni mimi, dada. Mimi si mtu wa nje."

Aliitazama kanuni yake ukutani. Akatazama saa. Baadaye alimwambia Waya kwamba alichofikiria wakati ule ni shemeji yake, ambaye hakuweza kujigeuza kitandani, na kwamba neno la mdogo wake lilimwingia akilini likakaa kama lilikuwa lake mwenyewe. Alifungua. Ilikuwa barua ya kawaida, iliyoandikwa kwa unyenyekevu mwingi kuliko ilivyohitajika. Alisahihisha makosa mawili, akapunguza sentensi moja ya kuomba radhi isiyo na sababu, akairudisha. Dakika tisa.

Alipoinua kichwa mjane alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake.

"Kumbe inafunguka," alisema.

Mama Rejista aliifunga barua kwenye kioo.

"Sikugombi, mama. Nauliza tu. Ile ya mdogo wako imefunguka. Yangu ina nini?"

"Ile... ni ya mtu ninayemjua."

"Mimi umenijua siku kumi na nane."

Hapo angeweza kufanya mojawapo ya mambo mawili, kufungua na ya mjane kwa kuwa kanuni ilikuwa imeshavunjika, au kukiri kosa na kumwomba radhi. Hakufanya hata moja. Aliona aibu, na aibu ilimfanya awe mkali. "Nenda nyumbani, dada. Njoo Jumatatu." Mjane alikunja mdomo wa mfuko wake taratibu, akateremka ngazi.

Mtu anayemwamini mdogo wake hajakosea. Lakini mdogo wake hakuitengeneza ile barua peke yake. Iliguswa na kompyuta ya dukani ambayo mamia ya watu wasiojuana walikuwa wamechomeka flashi zao, na kanuni ya ukutani ilihusu faili linatoka wapi, haikuuliza kama anayelituma anatupenda. Waya alikuwa amelieleza hilo siku ya kwanza kabisa, kwamba mafaili mabaya mengi huletwa na mtu unayemfahamu ambaye naye hajui alichobeba.

Ijumaa ilikuwa sikukuu. Jumatatu asubuhi Mama Rejista aliwasha mashine, akafungua rejista, akakuta mistari ya alama zisizosomeka. Akafungua nyingine, hivyo hivyo. Kila faili lilikuwa limebadilishwa jina, na katikati ya kioo kulikuwa na ujumbe wa lugha ya kigeni wa kudai malipo ili mafaili yafunguliwe, kwa sarafu ambayo hakuna aliyewahi kuishika pale ofisini. Mhudumu wa usafi alimkuta amesimama, mikono kwenye ukingo wa meza.

"Mama, unaumwa?"

"Mwite Waya. Mwambie aache yote anayofanya."

Waya alifika, akakaa, akaangalia kwa nusu saa. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani kafungua nini?" Waya akauliza.

"Mimi," alisema Mama Rejista. "Alhamisi. Barua ya mdogo wangu."

"Kwa hiyo ni wewe," alisema Mkuu, na sauti yake ilikuwa imepata nafuu.

Waya aligeuka. "Mkuu, kiraka cha tundu hili kilitoka mwaka juzi. Ningekuwa nimekibandika, barua ile ingefunguka ikafungwa, na leo tungekuwa tunakunywa chai."

"Usinifundishe kazi, kijana."

"Sikufundishi. Nakupa tarehe." Akainuka. "Diski ya kila Ijumaa iko wapi?"

Mhudumu wa usafi akaonyesha kabati kwa ufagio. Kabati lililosubiri seremala miezi saba lilivunjwa kwa bisibisi na nyundo kwa dakika nne. Diski ilikuwa nzima. Ilikuwa na miaka kumi na mitatu na zaidi ya kazi ya mwanamke yule, bila kasoro, na iliishia Ijumaa ya mwisho kabla ya kitasa kuharibika.

Watoto waliozaliwa katika miezi ile saba walipatikana kwa jasho. Mama Rejista alizunguka zahanati moja baada ya nyingine na daftari mkononi, akiwaomba wauguzi wamwonyeshe vitabu vyao vya wodi, na alimaliza baada ya miezi mitano. Vile vitabu vitatu vya zamani havikuwa na zahanati ya kwenda kuuliza. Vilikuwa vimesagwa, kwa saini yake.

Mjane alikuja ile Jumatatu kama alivyoambiwa. Mama Rejista alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi, akakaa kando yake, akamweleza yote bila kupunguza, pamoja na barua ya mdogo wake na neno alilomjibu mlangoni.

"Kwa hiyo mume wangu hayumo tena," alisema mjane.

"Hayumo."

"Na nilimwona. Nilimgusa pale kwenye kioo."

"Ulimwona, na mimi nilimwona. Nitaandika hivyo na kuapa mahali popote."

"Ungenipigia kile cheti siku ya kwanza, mama, ukaisubiri barua baadaye, nani angekufa?"

Mama Rejista alisema hajui. Ni jibu la kweli, na sidhani kama mtu mwingine angekuwa na lililo bora. Alimwandikia kiapo, akamsindikiza ofisi ya vitambulisho mara sita. Mara zote sita waliambiwa kwamba kumbukumbu ya karani si kumbukumbu ya serikali.

Ripoti ya Mkuu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema rejista iliharibika kwa uzembe wa mtumishi aliyekiuka kanuni aliyoiandika mwenyewe. Haikutaja viraka, kabati, wala fomu iliyosubiri saini ya mtu aliye likizo. Mama Rejista aliisoma mara mbili akasaini. Waya alimkasirikia kwa hilo.

"Kwa nini umesaini, mama? Nusu yake ni uongo."

"Kilichoandikwa ni kweli. Uongo uko kwenye ambacho hakikuandikwa, na hapo hakuna mahali pa kusaini."

Waya aliandika ripoti yake mwenyewe, kurasa tano, na tarehe za barua zote. Ilirudi na neno moja la wino wa kijani. Pawa sapulai ilifika wiki mbili baadaye na mashine ya dirishani ikawaka. Viraka viliruhusiwa, na fremu ya Mkuu ilichorwa upya na Waya kwa muda wa saa moja na robo.

Mama Rejista alistaafu miaka mitatu baadaye kwa cheo kilekile. Majina elfu moja mia moja na arobaini ya vitabu vile vitatu hayajapatikana mpaka leo. Binti wa fundi viatu alipoteza nafasi yake chuoni kwa sababu hakuwa na kitambulisho, na alikipata baada ya miaka miwili na miezi minne, mahakamani, kwa ushahidi wa wazee wawili waliomkumbuka baba yake akiwa mtoto.